Kila mwenye ndoa iliyoyumba ananijia: je, niifanye kazi?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji, nina mtoto mmoja. Tangu nikiwa chuo cha ualimu wenzangu walikuwa wananiletea mambo yao ya mapenzi, na sasa hata majirani na wazazi wa wanafunzi wananifuata. Wengi wanasema nina kipaji, nifungue ofisi ya ushauri wa mahusiano. Nimeona kozi ya wiki mbili inafundishwa kwa WhatsApp, laki moja na nusu, mwisho unapewa cheti. Lakini ndoa yangu mwenyewe ilivunjika, sijui nani ataniheshimu. Halafu hivi karibuni nilimshauri rafiki yangu aondoke kwa mumewe. Akaondoka, kisha akarudi, na mume akanifuata hadi shuleni akasema nimetaka kumvunjia nyumba. Nisome nini, kazi yenyewe ikoje, na je, hapa Kigoma mtu anaweza kuishi kwa kazi hiyo?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na huyo mume aliyekufuata shuleni, maana ndani ya kisa chake yamo karibu yote unayotaka kujua.

Rafiki yako alikuja na hasira au na woga, akakuuliza afanyeje, nawe kwa mapenzi mema ukamwambia aondoke. Rafiki ana ruhusa ya kujibu hivyo. Mtaalamu hana, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, na hata hapo kuna namna yake. Uamuzi ulikuwa wa rafiki yako, ila ulipoutamka wewe ukawa wako. Alikokimbilia mambo yakawa magumu, labda kwao hawakumpokea vizuri, labda watoto walilia, labda hela ya kula ilikwisha, akarudi. Na mwanamke anayerudi kwa mume baada ya kuondoka hulazimika kueleza nani alimtia maneno. Akalitoa jina lako. Hasara kubwa ya hapo si kugombezwa mbele ya walimu wenzako. Ni kwamba siku mambo yakizidi, ule mlango wako mmoja aliokuwa akibisha atauona umefungwa.

Mimi ningemuuliza nini? Ugomvi wa mwisho ulianzaje, nani alisema nini kwanza, yeye akajibu vipi, watoto walikuwa wapi. Amewahi kuondoka mara ngapi, na kila mara kilimrudisha nini. Ningemuuliza waziwazi kama amewahi kupigwa, kutishiwa panga, kukabwa shingo. Hilo la shingo wengi hawaliulizi, na ni kubwa: utafiti wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa naye. Utafiti huohuo unaonyesha pia kwamba kipindi cha kuondoka na siku zinazofuata ndicho chenye hatari kuliko vingine. Kwa hiyo kumwambia mtu “ondoka” bila kupanga naye anaondoka lini, na nani, kwenda wapi, vyeti vya watoto viko wapi na simu ya nani atapiga usiku, ni kumsukuma mtumbwini wakati ziwa limechafuka.

Kwa sasa usimfuate mume kujieleza, wala usimlaumu rafiki yako. Mwambie tu kwamba mlango wako uko wazi na hutamwuliza kwa nini alirudi. Kama kuna kipigo, ajue liko Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na afisa ustawi wa jamii manispaa. Na ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Wanawake wengi ninaowaona hapa Kigoma wanashangaa kusikia sheria hiyo ina umri mkubwa kuliko wao.

Sasa kipaji. Kipaji unacho, sikukatishi tamaa. Mmarekani Carl Rogers, mmoja wa wazee wa fani hii, aliandika mwaka 1957 kwamba mtu hubadilika akikutana na msaidizi mwenye mambo matatu: awe mkweli na nafsi yake, amkubali mteja bila masharti, na aingie katika hisia za mteja kana kwamba ni zake bila kupotelea humo. Mawili ya kwanza nadhani unayo, ndiyo maana watu wanakujia. La tatu, hasa ile sehemu ya kutokupotelea, mtu hazaliwi nayo. Inafundishwa, na inafundishwa kwa kufanya kazi huku mtu mwingine anakuangalia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodhani cheti ndicho kila kitu. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Wakafundishwa kumsikiliza mtu na kumsaidia kulipangua tatizo lake moja baada ya jingine, wakawekewa mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Bibi wale hawakuwa na shahada. Matokeo ya utafiti uliochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba watu waliokaa nao kwenye yale mabenchi walipata nafuu ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo ukaenea nchi nyingine, na huku kwetu umefika Zanzibar. Shirika la Afya Duniani nalo lina utaratibu wake wa vikao vitano unaoweza kuendeshwa na mtu asiye mtaalamu wa afya ya akili baada ya mafunzo.

Usinielewe vibaya ukakimbilia kozi ya WhatsApp. Bibi wa Harare walikuwa na mipaka: wanajua wanashughulika na nini, na likizidi wanampeleka nani. Na nyuma yao alikuwepo msimamizi wa kumpelekea visa vilivyowatatiza. Kozi ya wiki mbili ikuuzie vyote, haitakuuzia msimamizi. Mimi nimewaona watu wa shahada mbili waliofungua vyumba vyao bila mtu wa kumpelekea kisa, na kazi zao zilinitisha. Nimewaona pia wahudumu wa ngazi ya jamii, darasa la saba, wanaofanya kazi safi kwa sababu kila wiki wanaketi na msimamizi. Ukinibana nikuchagulie kimoja cha kutangulia, nitasema tafuta msimamizi kabla ya kutafuta kibao cha kutundika mlangoni.

Kozi hiyo ipime hivi: chuo cha ngazi ya cheti na stashahada kinatambuliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, chuo kikuu kinatambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kama jina lao haliko huko, cheti hicho ni karatasi ya kupamba ukuta. Laki moja na nusu ni pesa ya mwalimu, siyo ya kuchezea.

Umeniuliza kazi ikoje. Kwanza utenganishe watu ambao wateja huwachanganya. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili, anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba anatibu kwa mazungumzo na mazoezi, haandiki dawa. Mnasihi au mshauri nasaha anamsaidia mtu aliye katika msukosuko wa kawaida wa maisha. Afisa ustawi wa jamii anashika upande wa haki, matunzo ya watoto, familia iliyosambaratika. Mshauri wa mahusiano anaweza kuwa yeyote kati ya hao, au akawa mtu yeyote mwenye simu nzuri na maneno matamu.

Na kwa ndoa hasa, sehemu kubwa ya kazi ni kutazama wanavyogombana, zaidi ya wanachogombania. John Gottman wa Marekani na wenzake waliwakalisha wanandoa chumbani wabishane huku wanarekodiwa na kupimwa mapigo ya moyo. Walibaini tabia nne zinazobomoa: kumshambulia mwenzako nafsi yake badala ya kulalamikia alichofanya, dharau, kujitetea kila neno, na kujifunga kama ukuta usijibu chochote. Dharau ndiyo mbaya kuliko zote. Kucheka kwa puani, kubetua midomo, “wewe na ukoo wenu”, unaijua. Waligundua pia kwamba karibu asilimia 69 ya migogoro ya wanandoa waliowachunguza ilihusu mambo yasiyokwisha: tabia, ndugu, pesa, namna ya kulea. Ukishaipokea takwimu hiyo unapunguza majigambo. Wanandoa wengi utawafundisha kuishi na tofauti yao bila kuchinjana, basi.

Nikupe mfano, nimeuchanganya kutoka kwa watu wengi hata wenyewe wasingejitambua. Mume anavua dagaa, mke anakaanga na kuuza samaki Kibirizi. Kwenye giza la mwezi mume yuko ziwani na taa zake usiku kucha, asubuhi analala. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawavuliki, yuko nyumbani. Mke analalamika kwamba mume akiwa nyumbani ni mkali, mume analalamika kwamba nyumbani kwake anaonekana mgeni. Wote wawili wanasema ukweli. Mke ameendesha nyumba peke yake wiki mbili, mume anarudi na kuanza kutoa amri, mke anabetua midomo, mume anazira na kwenda kijiweni. Mzee wa kawaida atasema mke amtii mume, au mume amheshimu mke. Mimi nawauliza siku ya kwanza ya mume nyumbani inakwendaje, saa kwa saa. Tunakuta kwamba anaingia, watoto wanaendelea na mambo yao, mke yuko kwenye biashara, hakuna hata chai ya pamoja. Kazi ya vikao kadhaa inakuwa kuitengeneza siku hiyo moja. Na kuwafundisha kwamba moyo ukianza kudunda kwa hasira mazungumzo yasimame, kila mtu aende zake dakika 20 au zaidi, kisha warudi. Warudi kweli. Bila kurudi, hiyo inakuwa kuzira tu kwa jina jingine.

Serikali ilipopumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, nilisikia mengi sana ya namna hiyo. Samaki walipumzika, nyumba hazikupumzika. Mwanaume aliyezoea kulala nyumbani nusu ya mwezi yupo miezi mitatu mfululizo, mfukoni hana kitu, na kipato cha mke nacho kimekauka kwa sababu hakuna dagaa wa kuuza. Mshauri wa mahusiano asiyejua kalenda ya ziwa atawaambia “wasiliana na mwenzi wako” akapata pongezi. Hatakuwa amewasaidia.

Halafu kuna ndoa ambazo shida yake siyo ya ndoa kabisa, na hapa ndipo mtu asiyesoma anapoumiza watu. Mke amejifungua miezi miwili iliyopita, hataki kuguswa, analia, hamtazami mtoto. Mama mkwe anasema ni kiburi. Hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua, inatibika, na ikiachwa inaweza kuua. Mume ameacha kumkaribia mkewe, mke ana hakika kuna mwanamke Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Unauliza taratibu, unakuta jamaa ana kisukari, au anameza dawa za shinikizo la damu, na baadhi ya dawa hizo pamoja na kisukari chenyewe hudhoofisha nguvu za kiume. Amekuwa akiona aibu, ananunua mizizi kwa siri. Huyo anahitaji daktari kabla ya mnasihi. Mficha uchi hazai, lakini wa kumfanya auonyeshe lazima ajue anatafuta nini. Na wapo wanaokuja wanasema wamerogwa. Usiwacheke, wala usijifanye mganga. Uliza uchawi huo ulianza lini na nini kilitokea mwezi ule. Mara nyingi utasikia msiba au deni.

Mtu akikuambia anafikiria kujiua, usizunguke. Muulize moja kwa moja: unafikiria kujiua, kwa njia gani, unacho hicho kitu nyumbani? Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Jua pia kwamba Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na hiyo ndiyo sababu moja ya familia kuficha na kusema “alikunywa sumu ya panya kwa bahati mbaya”. Kazi yako ni kumfikisha hospitali, Maweni au kituo kilicho karibu, na kutomwacha peke yake hadi afike.

Siri sasa. Kigoma mjini ni padogo. Kutoka Mwanga hadi Ujiji, mtu unayemwona kikaoni saa nne ni shemeji wa mtu utakayemwona saa nane, na binamu yake ni fundi wako wa nguo. Dar es Salaam mshauri mwenye mdomo anaweza kuhama mtaa akaanza upya. Hapa ukivujisha neno moja umekwisha, na umewafunga wengine wasije kwa mtu mwingine yeyote. Mimi chumba changu kiko kwenye jengo lenye duka la vifaa vya shule na fundi cherehani, na kibao hakitaji ndoa. Anayepanda ngazi anaweza kuwa anakwenda kutoa fotokopi. Kila mteja tunakubaliana mwanzoni: tukikutana sokoni, nisubiri unisalimie wewe. Usiponisalimia sitanuna. Jamaa wa karibu simpokei, wala mwalimu wa shule ambayo mjukuu wangu anasoma. Wewe itakubidi uwakatae wazazi wa wanafunzi wako, jambo ambalo litakuuma kwa sababu hao ndio wateja ulio nao sasa. Huwezi kujua usiku baba anapiga mke kisha asubuhi ukamsahihishia mtoto wake daftari kana kwamba hujui, na mzazi naye hatakuwa huru kwako.

Wanandoa wakija wote wawili, eleza siku ya kwanza kabisa utafanya nini mmoja akikunong'oneza jambo akiwa peke yake. Mume akikuambia ana mtoto Bujumbura ambaye mke hamjui, umekwama: ukinyamaza umekuwa upande wake, ukisema umevunja siri. Wengine kati yetu hukubali siri za mmoja mmoja, wengine hukataa. Mimi hukataa, ila nikiwaona kila mmoja peke yake nawauliza kuhusu vipigo na woga, na jibu la swali hilo silirudishi mbele ya mwenzake hata kwa dawa. Penye kipigo na woga siendeshi kikao cha pamoja. Atakachokisema mke mbele yangu atakilipia wakifika nyumbani.

Siri ina mwisho wake pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, na ipo namba 116 kwa mambo ya watoto. Hilo mteja aambiwe kabla hajaanza kusimulia, siyo baada. Na daftari lako la wateja sasa linaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kabati lenye kufuli, na kwenye simu usiandike “Mama Fulani ndoa”.

Wazee, mashehe na wachungaji usiwadharau. Kwa kawaida ndoa ikifika pa kuvunjika, sheria inataka shauri lipite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha, ndipo mahakama isikilize maombi ya talaka. Hao wana mamlaka ambayo wewe hutakuwa nayo. Wewe huna upande. Wakiamua kuachana, kazi yako inakuwa kuwasaidia waachane bila kuwatumia watoto kama fimbo. Shehe mmoja wa hapa Ujiji huniletea watu ambao ameona shida yao inazidi kusuluhishwa, nami huwarudisha kwake wenye maswali ya eda na mirathi. Tunaelewana vizuri kuliko ninavyoelewana na wale wa mtandaoni.

Ndoa yako kuvunjika siyo kizuizi. Wateja watakuuliza kama umeolewa, hilo halikwepeki kwetu, na unaweza kujibu kwa ufupi kisha ukamuuliza kwa nini limemjia. Kinachonitia shaka ni kitu kingine. Miaka ya kwanza baada ya kuachana, kila mume anayesimuliwa anakuwa na sura ya mume wako. Huenda hata huyu wa rafiki yako alikuwa nayo, wewe ndiye unayejua. Kabla hujaanza, kaa wewe mwenyewe kwenye kile kiti cha mteja, vikao kadhaa, umweleze mtu kisa chako hadi kiache kukuchoma.

Masomo. Usiache ualimu. Mwombe mwalimu mkuu akupe jukumu la malezi na unasihi shuleni, pengine liko wazi hakuna anayelitaka. Huko utashughulika na watoto, na ni shule nzuri kwa sababu mtoto hakudanganyi kwa ustadi. Uliza pia kuhusu kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata yenu, walimu huhitajika humo. Utaona visa vinavyopokelewa na kupelekwa mbele, hatua kwa hatua, na utafahamiana na ustawi wa jamii, polisi na wauguzi, ambao ndio utakaowapa rufaa maisha yako yote.

Kwa cheti chenyewe, Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, ndiyo njia inayojulikana zaidi kwa upande wa ustawi. Shahada ya saikolojia, au ya ualimu yenye saikolojia, unaipata kwenye vyuo vikuu kadhaa. Ukitaka kufika kwenye saikolojia tiba hasa, Muhimbili wana shahada ya uzamili, lakini hiyo inakutaka uwe na shahada ya kwanza inayofaa. Kwa mwalimu mwenye mtoto na asiyetaka kuhama, Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa mkoani. Angalia programu za mwaka huu kwenye mwongozo wao, hubadilika. Na ukiamua kwenda masomoni nje ya kituo chako cha kazi, ruhusa ya mwajiri kwanza, kwa maandishi. Nimeona walimu wakirudi na shahada wakakuta barua ya utoro kazini.

Pesa nitakuambia bila kupamba. Chumba cha kukaa ukasubiri wateja wa ndoa peke yao hakilishi mtu Kigoma, si mwanzoni. Watu wa hapa wamezoea ushauri wa bure, wa bibi, wa shehe, wa mchungaji, na kulipia maneno wanaona ni utapeli. Wapo wanaolipa elfu ishirini kwa kikao, wapo wanaolipa kwa awamu, wapo wanaokuletea dumu la mawese na huwezi kukataa. Wengi wetu tunaishi kwa kuchanganya: ajira ya serikali au ya shirika, mafunzo mashuleni, semina za makanisa na vikundi vya kina mama, halafu wateja binafsi jioni.

Mkoa wetu una soko jingine ambalo mikoa mingi haina. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, imekuwepo tangu 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na wimbi la Warundi la mwaka 2015 likafanya Nduta ifunguliwe tena kule Kibondo. Mashirika ya huko huajiri wanasihi na maafisa wa kisaikolojia, na mtu anayezungumza Kiha yuko mbele ya mtu wa Dar, kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mtu aliyekimbia vita hazungumzi na moyo wake kwa lugha ya mkalimani. Mishahara ni mizuri kuliko ya mwalimu, lakini mikataba ni mifupi na inafuata mfadhili. Mfadhili akikunja mkono, mwezi unaofuata uko Mwanga unatafuta kazi. Kazi ya huko ni nzito pia. Baada ya wiki kadhaa za kusikia habari za kubakwa na kuuawa kwa watoto, unaanza kuota ndoto za watu wengine, na shirika lisilo na usimamizi wa kitaaluma kwa wanasihi wake mimi nisingekwenda hata kwa mshahara mara mbili.

Msimamizi utampata wapi? Nenda Maweni ukaulize siku za kliniki ya afya ya akili, uombe kuonana na mhusika, ujieleze kwamba wewe ni mwalimu unayetaka kujifunza unasihi. Nenda pia ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa. Mmoja wao akikubali kukutana nawe hata mara moja kwa mwezi, chukua. Siku ya kwanza mpelekee kisa kimoja, bila majina na bila mtaa, ambacho hukujua ufanye nini, kisha umtazame anavyokipokea. Akikupa jibu kabla hujamaliza kusimulia, mshukuru, umtafute mwingine.